Matonge Arobaini ya Mama Mbuke

"Mama, saa inasema umekula matonge arobaini!"
"Basi ndiyo inayokula, mimi nina njaa!"

Farhan mwanangu, nesi na mama Mbuke wamefokeana, hapa jirani Iyunga, sasa hivi!

Saa yenyewe ya watafiti wa lishe, wamemvalisha mama mkononi, inahesabu kila mkono ukipeleka tonge mdomoni. Eti mama anakula vizuri, kwa hiyo unga wa lishe hapewi tena.

Arobaini! Mtu kabaki mifupa mitupu!

Nesi akasema haya, kula nione. Mama akamega tonge, akachovya, akamlisha mumewe, mzee Nyanda, aliyepooza mikono. Saa ikahesabu moja. Tena. Mbili.

Nesi akaikodolea saa macho. Hata mimi utani uliniishia.

Tonge la tatu mzee akalikataa.

"Nesi, naomba mniondoe humu ndani. Huyu ale."