Vipande Viwili vya Mkate kwa Siku

Nyumba ya fundi saa, ghorofa ya pili
Jumanne, 14 Mei

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini kikohozi cha shemeji kimepungua na mguu wako hauvimbi tena. Huku ni wazima wote, isipokuwa mimi, nami siumwi kitandani. Naumwa na kuudhika.

Barua yako ilifika Ijumaa. Pole sana, mama. Kwako ni mimba ya pili kutoka, kwangu ni tatu, na bado sijapata neno la kumfariji mtu ambalo mimi mwenyewe nikiambiwa halinichukizi. Basi nasema pole tu.

Daktari niliyemwona Februari hakuniuliza kama nimerogwa. Aliuliza habari za tumbo. Nikamfungulia shajara yangu: gesi, kuharisha, upungufu wa damu, mimba tatu na tarehe zake. Akasema huenda ni siliaki, maradhi ambayo mtu akila ngano mwili hujipiga wenyewe, na baadhi ya wanawake walio nayo hupoteza mimba au hukaa bila kushika. Huenda. Neno hilo natembea nalo kama kijiwe ndani ya kiatu.

Nami, mjuaji, sikungoja kipimo. Niliacha ngano siku ile ile, nikakuandikia nikijisifu kwamba tumbo limetulia. Nilipokwenda kupimwa, damu haikuonyesha kitu. Daktari akashika kichwa. Kipimo hutafuta alama za ugomvi wa mwili na ngano, na mimi ugomvi huo nilikwisha kuuamua.

Sasa nimeambiwa nirudie mkate, vipande viwili kila siku kwa wiki sita, ndipo nipimwe tena. Mimba isubiri. Leo ni siku ya kumi na tisa, na tumbo limejaa kama ngoma. Wenzangu wa masjala wanasema natafuna kama mtu aliyelazimishwa kula faili.

Mama mkwe ndiye kanimaliza. Miaka saba alinisukumia mkate: "Kula, mwanangu, tumbo tupu halishiki kitu." Sasa anauficha juu ya kabati. Jana alinikuta nimepanda kiti.

"Mwizi kwenye nyumba yake mwenyewe," akasema.

"Mama, hii ni kama dawa."

"Dawa gani? Wajukuu zangu watatu wamekwenda na mkate huo, na ni mimi niliyekuwa nikiukata."

Nilikaa nikautafuna mbele yake, sote tukilia. Mume wangu aliingia, akatutazama, akatoka kwenda kutengeneza baiskeli ambayo haikuwa mbovu.

Halafu nasoma kwamba na wewe umeacha ngano, umegawa unga wake wote kwa majirani. Hasira zangu si juu yako; ni mimi niliyekufundisha kosa langu. Maradhi haya hufuata damu, na sisi tumelala tumbo moja. Nenda kwa daktari wiki hii, mtajie tarehe uliyoacha ngano. Akikwambia urudie, rudia. Usirudie kwa sababu ya barua yangu. Ushauri wangu umeshatugharimu vya kutosha. Lakini usikubali kuishi na huenda.

Msalimie shemeji, na shangazi wa duka la vitambaa, na wale pacha wake watundu.

Mungu akupe mtoto, na kabla ya mtoto akupe jibu.

Wako akupendaye,
Dada yako, ambaye kipande cha pili cha leo bado kinamngoja mezani