Ukuta Kutoka Mlango Mpaka Kinu

Mama Sifa mpenzi, wewe uliyetangulia ukaniachia vyungu vyote,

Nakuandikia kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, basi usicheke huko. Jana binti yetu aliinua fimbo juu ya mjukuu wako, na mimi nikaikumbuka siku ile ya askari. Kosa ni lako. Wewe ndiye uliyeleta mambo ya kuta katika jamaa hii.

Unakumbuka Kindu ya vita. Shule zimefungwa, treni haiji, chumvi tunailamba kwa ncha ya kidole. Sifa, hata kamasi hajui kupangusa, akaokota kaa jikoni akachafua ukuta wote wa mbele. Nikashika fimbo. Ukaninyang'anya, ukaivunja, ukaitia motoni chini ya chungu cha sombe, yale majani ya muhogo. Kisha ukamwonyesha mtoto: "Kutoka mlango mpaka kinu, hapo njo kwako. Ukipita kinu, kaa narudisha jikoni."

Kila jioni ulimwuliza, "Umechora nini, mama?" Ilimbidi aseme, kwa sauti, akiweka kidole juu ya kitu chenyewe. Akishasema, unapaka udongo mweupe, na kesho ukuta ni mpya. Mimi nilikuwa nakutania: "Mama Direkta, shule yako iko na mwanafunzi mumoja tu, tena anajikojolea." Ulinitazama tu, mkono umejaa udongo, nikajua nikiendelea utanipaka na mimi.

Halafu wakaja wale askari kutafuta wanaume wanaobeba bunduki za watu wa msituni. Walinipigisha magoti karibu na kinu, mikono kichwani. Mkubwa wao akasimama mbele ya ukuta. Siku hiyo Sifa alikuwa amechora mtu wa kichwa kikubwa, ameshika kitu kirefu.

"Huyu ni nani? Na hii bunduki iko wapi?"

Ulifungua mdomo. Akakukatiza: "Nyamaza, mama. Mutoto aseme." Akachuchumaa mbele ya Sifa, silaha juu ya mapaja. "Umechora nini?"

Maneno yako yaleyale, katika kinywa cha yule mtu! Nilikuwa nasikia harufu ya mafuta ya bunduki. Nilimwomba Mungu kwa sala za baba yangu wa msikitini, nikaongeza na za mama yangu wa kanisani, mmoja akiwa na kazi nyingi mwingine asikie. Sifa alimtazama. Akatazama ukuta. Akaweka kidole, kama kila jioni.

"Huyu njo baba. Hii njo mwiko. Mama alikuwa mugonjwa, baba akasonga bugali. Ikaungua."

Askari wa mlangoni akaanza kucheka, na mwenzake akafuata. Mkubwa akanigeukia: "We mwanaume gani?"

"Mwanaume wa bugali ya kuungua, chef," nikamjibu yule mkubwa.

Wakaondoka na kuku wetu na redio yangu, mimi wakaniacha. Jioni ile hukupaka udongo. Ulikaa umeegemea picha yangu, na mimi nikakaa kando yako mpaka asubuhi.

Sasa njoo jana. Sifa ana nyumba ya matofali, na ukuta wa sebuleni umepakwa rangi ya mafuta juzi tu, kwa sababu wakwe wanakuja. Mtoto wake Saidi, mwenye jina langu na kichwa changu, akachukua kaa akachora nyuma ya kiti. Sifa akakata fimbo ya mpera.

"Sema! Nani alikutuma?"

Mtoto amejibana ukutani, midomo ameikaza. Fimbo haikunitisha sana, mama. Ule mdomo uliofungwa ndio ulionitisha. Nikamshika Sifa mkono.

"Baba, niache! Hii rangi haitoki!"

"Itapakwa ingine. Muulize kwanza amechora nini."

"Baba!"

"Mimi niko hai kwa sababu mama yako alikuwa anakuuliza."

Kisa hicho anakijua, nimemsimulia mpaka amechoka. Mkono ukashuka polepole, akamgeukia mtoto. Akachuchumaa.

"Umechora nini, papa?"

Jicho la mtoto likaja kwangu, na mimi nikaelewa, lakini nimechelewa.

"Koko," akasema, ndivyo anavyoniita mimi babu yake, kidole ukutani. "Koko anakula sukari. Kwa kabati."

Ile sukari ambayo daktari amenikataza, mama! Sifa alicheka mpaka akaketi chini, fimbo imemtoka. Mtoto naye akaanza kueleza yote: kijiko kipi, nalamba namna gani. Hakuacha kitu.

Kwa hiyo leo sukari imefungiwa, na ufunguo uko kifuani mwa binti yako, mahali nisipoweza kuutafuta. Nakunywa chai chungu hapa barazani. Kinu chako bado kipo, Sifa alikihamishia hapa kwake. Asubuhi amepaka udongo mweupe ukutani kando yake, na nimemsikia akimwambia mtoto: "Kutoka mlango mpaka kinu, hapo njo kwako. Ukipita kinu, kaa narudisha jikoni."

Maneno hayo sikuwahi kumsimulia. Nilisimulia askari na mwiko tu.

Basi pumzika, Mama Sifa. Nikifika huko usinihoji habari za sukari. Ushahidi wote uko ukutani.

Ni mimi bwana yako,
yule wa bugali ya kuungua