Jiko la Vifaranga

Jumatatu, 28 Aprili
Mvua tena. Malaba yote matope, malori yamekwama kwenye foleni. Vitenge vyangu sokoni havijauzika. Kurudi nyumbani, mama mkwe ameshahamishia vifaranga wangu chumbani kwake pamoja na jiko lao la makaa. Eti mimi nitawaua kwa baridi. Barasa, mume wangu, amepeleka lori Juba, wa kunitetea hayuko. Huyu mama atanimaliza.

Alhamisi, 1 Mei
Mama anaamka kichwa kikimgonga. Kizunguzungu, kichefuchefu. Malaria, anasema, na dawa amemeza. Akishinda uani akichambua mboga ya mrenda anapona kabisa, hadi anapata nguvu ya kukosoa ugali wangu. Asubuhi, kichwa tena. Malaria gani hii?

Jumamosi, 3 Mei
Vifaranga kadhaa wamekufa. Mama anasema ni baridi. Ameziba dirisha kwa gunia, akaongeza makaa. Nikamwambia jiko lilale nje.
"Moshi uko wapi?" akaniuliza. "Makaa yakishakuwa mekundu hayana neno. Nimelea vifaranga kabla hujazaliwa."
Kweli, moshi haukuwepo. Jirani anasema nyumba imerogwa. Upuuzi. Lakini hata mimi kichwa kinauma, na chumba changu kimepakana na chake.

Jumatatu, 5 Mei
Nilibisha, kimya. Nikasukuma mlango. Mama chini, amejikojolea, anakoroma na haamki. Vifaranga wote wamekufa kando ya jiko. Miguu ikaanza kunilegea humo humo ndani. Nikamburuta hadi uani kwenye mvua, nikapiga mayowe. Tumempeleka hospitali kwa boda, jirani amemshikilia kwa nyuma kama gunia la mahindi.

Jumanne, 6 Mei
Bado hajaamka. Wamemvalisha barakoa ya oksijeni. Daktari ni kijana mpole.
"Ni hewa ya makaa, mama. Haina moshi, haina harufu. Inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu na haitoki upesi. Mtu anapumua, lakini ubongo na moyo havipati kitu."
Kumbe. Nina hasira. Na jiko, na mama, na mimi mwenyewe. Usife, mwanamke mkorofi wewe.

Ijumaa, 9 Mei
Ameamka! Wueh! La kwanza aliloniuliza, mbona nimevaa leso yake. Nimecheka hadi nikalia. Kesho tunarudi nyumbani. Daktari ameonya kwamba shida inaweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye. Sikutaka kusikia hayo.

Alhamisi, 29 Mei
Mama ametia chumvi kwenye chai. Jana pia. Anatembea akiburuta miguu. Barasa amerudi, na mama akamwita kwa jina la marehemu baba yake. Tumempeleka mama hospitali tena. Ubongo ulijeruhiwa siku ile, daktari anasema, na majeraha mengine huchelewa kuonekana. Huenda akapata nafuu. Huenda! Naogopa sana.

Jumapili, 8 Juni
Sikuenda kanisani. Barasa yuko safarini. Nimemlisha mama uji wa wimbi kijiko kwa kijiko. Ulikuwa na madonge. Zamani angenitukana mimi na ukoo wetu wote. Leo aliumeza tu, akanitazama.
"Asante, dada. Kwenu wamekulea vizuri. Kwenu ni wapi?"
Nikamwambia Funyula. Akasema hajawahi kufika huko. Ni yeye aliyekuja huko kuniposa kwa niaba ya Barasa.
Nikampangusa mdomo.