Punda Alilia Upande Wenu

Kwako dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wote waliomo humo ndani. Natumaini goti lako limepungua kuuma, na kwamba shemeji ameacha kubishana na redio. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Mgongo umekuwa kama mtu wa pili ninayelala naye: nikigeuka, naye analalamika. Lakini mikono ipo, kazi ipo, na ghorofa tunalojenga limefika juu kiasi kwamba watu wa barabarani tunawaona kama punje za mchele.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Simu yako Chiriku anaisoma kabla yako, na hilo unalijua. Tena chumba chetu kina vitanda vinane, na hakuna neno utakalolisema humu likabaki lako. Barua hii anakuletea fundi rangi anayekuja likizo. Isome peke yako, kisha uiweke mahali ambapo mwanangu hafiki, kama mahali hapo papo.

Uliniuliza ni nini kilitupata upande wetu ile siku ya wazazi. Ninyi mlisikia tu sauti, kisha hamkusikia kitu. Ngoja nianze mbali kidogo.

Unakumbuka jinsi Chiriku, ambaye nyumbani hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni, alivyofunga kinywa shuleni tangu alipochekwa akisoma mbele ya darasa. Wenzake wakambandika jina la Bubu. Mwalimu mkuu akakwambia kwamba mtoto asiyejibu hajulikani kama ameelewa, kwa hiyo atarudia darasa. Siku uliponipa habari ile nilikuwa na ndoo ya zege begani, na mpaka leo sijui niliimwaga wapi. Mimi shule iliniacha darasa la tano, dada. Najua mtu anavyojisikia wenzake wakipita na yeye amesimama.

Ndipo akaja yule mwalimu mpya wa kike. Sijawahi kumwona, lakini nikikutana naye nitamvulia kofia yangu ya kazini. Ulinieleza kwamba hawaulizi watoto hadithi imewafundisha nini. Anawaambia wasome, na kitabu kikishawaingia, kila mmoja akitoe kwa njia yake. Nilicheka peke yangu kwenye ngazi nilipopata habari zao: mmoja ameshona punda kwa gunia kuukuu, mwingine amechora kijiji kizima sakafuni kwa chaki na kumkataza kila mtu kukikanyaga, hata mwalimu mkuu akazunguka. Na yule mtoto wa jirani yako aliyemwandikia barua mwenye punda akamtukana vibaya, ikabidi aiandike upya kwa adabu. Mwalimu mkuu alikubali kungoja mpaka siku ya wazazi. Kama Chiriku angeonyesha mbele ya watu kwamba kitabu amekielewa, angepanda darasa. Kama sivyo, basi.

Chiriku akachagua sauti. Alinipigia kwa simu yako akasema anataka hadithi yote isikike bila mtu kutamka neno, na kwamba mimi ndiye mtu anayeishi kwenye kelele nyingi kuliko wote anaowajua. Kwa hiyo kelele zitoke kwangu.

Kitabu chenyewe alinisomea jioni baada ya jioni, ukurasa kwa ukurasa. Punda na mwenyewe wanatoka sokoni, tufani inawakuta njiani, wanafika darajani na punda anagoma. Anavutwa, anasukumwa, anaitwa mvivu na mjinga. Hasogei. Kumbe daraja limekatika katikati. Halafu ng'ambo wanatokea watu wanalikimbilia daraja hilo hilo gizani, na punda, ambaye kitabu kizima hajatoa hata mlio mmoja, analia. Wale watu wanasimama. Nilimwuliza Chiriku amekipendea nini. Akasema wote wanamsema punda, na punda hawajibu mpaka panapokuwa na haja.

Chumbani mambo yalianza kama mzaha. Yupo mwenzetu tunamwita Kesho, kwa sababu kila jioni anaapa kwamba anaacha kazi kesho. Yeye alimimina kokoto juu ya bati akajisifu kwamba hiyo ndiyo mvua. Chiriku akamwambia kwenye simu kwamba hiyo ni kokoto, mjomba, na mvua kila mtu anaijua. Kisha akatuonyesha kwa mdomo wake. Matone ya kwanza yaliyoachana, halafu mvua inavyotembea kutoka paa la mbali hadi paa la karibu, halafu ikashuka yote. Dada, wanaume wazima tuliangalia dari. Mmoja alitoka nje kuanua suruali yake.

Tangu siku hiyo tulikuwa wanafunzi wake. Tukaacha kokoto, tukachukua mchanga mkavu na misumari midogo. Upepo ukatoka kwenye mifuko mitupu ya saruji, mto kwenye pipa la maji, kwato kwenye vipande viwili vya mbao. Radi ilikuwa toroli tupu likiburutwa juu ya nondo. Kesho alikaripiwa mara nyingi kwamba radi yake ina haraka kama mwenyewe. Alinuna, akasema ataacha kesho.

Kikwazo kilikuwa mnyapara. Siku ya wazazi iliangukia siku ya kumwaga zege, na kwake simu kazini ni marufuku. Nilipomwendea aliniambia nisimletee mambo ya watoto. Nikamsimulia kitabu hata hivyo, maana sikuwa na hoja nyingine. Alisikiliza huku amenipa mgongo. Nilipofika kwenye daraja nikanyamaza makusudi. Akageuka akauliza huyo punda alivuka au hakuvuka. Nikamwambia yaliyobaki. Akasema yeye amekulia nyuma ya mkokoteni wa punda, hakuna mtu katika jengo lile anayejua punda anavyolia, na kama sisi wapuuzi tutamaliza zege mapema, punda atalia yeye.

Tulimwaga zege ile kana kwamba tunafukuzwa. Muda wa kuanza ulipokaribia tulikuwa tayari katika chumba kimoja cha chini ambacho hakijapigwa plasta, kila mtu na chombo chake, mnyapara katikati amevua kofia. Nami nimeshika simu karibu na sikio, kwa sababu ni mimi niliyepaswa kusikia na kuwaashiria wenzangu.

Huko kwenu simu yako ilikuwa imechomekwa waya wa spika, na Chiriku amekaa nyuma ya pazia. Yaliyotoka kwetu mliyasikia. Kwato zilikwenda, upepo ukaja, mvua ikaja taratibu kama alivyotufundisha. Uliniandikia kwamba mama mmoja ukumbini alifungua mwavuli wake. Niliwasomea wenzangu maneno hayo, na Kesho hajataja kuacha kazi mpaka leo.

Halafu tufani ikafika kileleni, na spika ikanyamaza. Ulisema ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikia viti vinavyolia, kisha mtoto mmoja akacheka, na wewe ukatamani ardhi ikumeze. Ndipo punda akalia. Alilia kwa nguvu zake zote, ile sauti ya kupanda na kushuka na kukwama, hata shemeji akasimama na mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Akalia tena, na mara hii akatoka nyuma ya pazia akiwa bado analia, mikono ubavuni, macho kwa watu. Aliyecheka aliacha. Ulisema watu walipiga makofi mpaka vumbi likatimka, na mwalimu mkuu, akitafuta neno la kusema, akamwuliza huyo punda ametokea wapi. Naye akajibu mbele ya wote, kwa sauti ya nyumbani:

"Alikuwepo muda wote, mwalimu."

Nimeusoma ujumbe ule mpaka simu ikaisha chaji. Nikichoka kubeba, ninausema mdomoni, na ngazi zinapungua. Amepanda darasa, dada. Hakuna wa kumwita Bubu tena, na uliniambia sasa mwalimu analazimika kumwomba anyamaze.

Sasa nikwambie kilichonifanya nitafute karatasi. Umewalaumu watu wa mtandao, na mnyapara anawalaumu zaidi yako. Muwaache. Mtandao haukukatika. Niliikata simu mimi.

Nisikilize kwanza. Nilikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho, si wewe ukumbini wala wenzangu chumbani. Kabla ya kila sauti, Chiriku alikuwa akininong'oneza kwa mdomo wake jinsi inavyotakiwa iwe, ili niwaashirie. Upepo wake, mvua yake, radi yake. Vilikuja sikioni mwangu vizima, na vilikuwa bora kuliko vyetu vyote. Kisha sisi tukatikisa misumari, nanyi mkasikia misumari. Nikaona kwamba watu wale watapigia makofi mchanga na toroli, na mwanangu atabaki nyuma ya pazia na nyuma yetu pia. Tulikuwa tumemjengea ukuta mwingine, tena kwa upendo. Mnyapara alipovuta pumzi kwa ajili ya punda, kidole changu kikabonyeza.

Mnyapara alilia kwenye simu iliyokufa, dada, akalia vizuri sana, mishipa ikamtoka shingoni. Wenzangu walimshangilia. Mimi nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikaikodolea simu macho, kwa sababu kama mtoto angenyamaza, ningekuwa nimemwaibisha mbele ya shule nzima, na sijui ningekuangaliaje wewe uliyemlea tangu mama yake alipotutoka. Nilikaa hivyo mpaka ujumbe wako ulipoingia. Niliwasomea, ila niliwaambia simu ilikata baada ya punda wa kwanza, na kwamba mtoto aliitikia wa pili.

Jumapili Chiriku alinipigia, akanisimulia siku yote bila kumeza mate. Alipomaliza akaniuliza polepole kama ulikuwa mtandao au nilikata mimi. Nikasema mtandao. Akacheka kile kicheko chake cha puani, nikajua nimekamatwa.

"Sawa, baba," akasema. "Lakini mjomba mnyapara usimwambie. Mwambie punda wake walimsikia mpaka ng'ambo."

Nimemwambia. Tangu hapo kila tukipumzika kunywa chai anatulilia bila kuombwa.

Nisalimie shemeji na majirani, na yule mwalimu umpe heshima zangu. Mwenye kitabu mbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu, kama atanyamaza muda wa kutosha. Goti lako lipake dawa, usilifanyie ukaidi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
mbeba zege, baba yake Chiriku.