Asubuhi Alikula Nini?

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako, na nakuomba usicheke mpaka umalize kusoma, ingawa mimi mwenyewe kila nikiirudia barua hii huanza kwa kucheka ndipo najionea aibu.

Mimi ni bwana afya, nakagua mikahawa, mabucha na majiko ya shule, nina miaka kumi na sita kazini, na nakiri kwamba kazi imeniingia mwilini, nikialikwa harusini kwanza naangalia wapishi wananawa wapi, na mashemeji zangu wakiniona mlangoni wanafunika sufuria. Mke wangu ni fundi cherehani wa sare za shule, maana yake mwaka mzima anaona rangi mbili, buluu na nyeupe, na katika miaka kumi na moja ya ndoa yetu hatujawahi kusafiri pamoja isipokuwa kwenda msibani. Mwaka huu akasema basi, msimu huu wa joto twende mji wa ufukweni siku nne, sisi wawili tu, watoto wabaki kwa bibi yao, akachukua karatasi akaandika orodha: mtaa wa milango ya rangi, mtaa wa wasuka vikapu, soko la vitambaa, fukwe tatu, na chini kabisa kwa herufi kubwa akaandika KULA, akapigia mstari mara mbili.

Mimi nikachemsha mayai.

Kumi na mawili, Shangazi, alfajiri ya safari, kwa sababu chakula cha mji nisioujua sikukiamini, nikayamenya kabisa ili tusihangaike na maganda njiani, nikayafungia yakiwa bado ya moto kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, kopo nikalilaza chini ya taulo, tukasafiri kwa basi saa saba za jua kali, na chumba tulichofikia hakikuwa na friji. Mtu yeyote angeniambia anafanya hivyo jikoni kwake ningemwandikia onyo hapo hapo. Kwenye begi hilohilo niliweka kipimajoto cha kuchomeka kwenye chakula na kitambulisho changu cha kazi, ambacho katika mji ule kina nguvu sawa na kadi ya maktaba.

Siku ya kwanza na ya pili tulizunguka mitaa. Yeye aliona milango, mimi niliona mitaro. Alisimama mbele ya mlango wa rangi ya chungwa akasema, "Tazama, mume wangu," nikatazama, nikamwambia bomba la nyumba ile linavuja kuelekea kwenye genge la matunda. Ufukweni alitaka barafu ya maembe, nikamhoji muuzaji maji ya barafu yametoka wapi mpaka barafu ikayeyuka mkononi mwa mwenyewe. Picha zote za siku hizo nimeinama, katika moja nachungulia chini ya meza ya watu.

Alasiri ya siku ya pili mke wangu akagoma. Tulipita uchochoro mmoja nyuma ya mtaa wa wasuka vikapu, pale kona yupo mama mmoja anakaanga samaki, benchi mbili, watu wamejaa, mke wangu akaketi bila kuniuliza akasema, "Mimi nakula hapa, wewe kama unataka kula begi lako, kale." Yule mama akacheka, akamwita dada, na mimi papo hapo akaniita shemeji, akatuletea samaki mkubwa katika sahani moja. Nikatoa kipimajoto nikakichomeka kwenye samaki mbele za watu. Benchi zote mbili zilicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa. Joto la samaki lilikuwa limepita kiwango cha usalama kwa mbali, na nitasema hapa jambo ambalo sikulisema pale, sijawahi kula samaki mtamu kama yule tangu nizaliwe. Mke wangu aliponiuliza vipi, nikasema, "Si mbaya." Wakapeana namba za simu, mke wangu akamwelekeza tulikofikia, wakaagana kama ndugu.

Asubuhi ya tatu alitaka turudi kona kwa chai na mkate. Nikasema haina haja, tunayo mayai. Yalikuwa yamebaki mawili, na mimi kwa mapenzi yangu, kwa kuwa ni mume mwema, sikula hata moja, nikampa yote mawili.

Saa sita mchana tukiwa ufukweni alianza kutapika. Nilimrudisha chumbani akiwa amepauka, na badala ya kukaa naye nikamshikisha ndoo, nikachukua kitambulisho, nikaenda mbio hadi kona, nikamwambia yule mama mbele ya benchi zote mbili kuwa amemlisha mke wangu samaki wa sumu na kwamba mimi ni afisa wa serikali. Watu waliacha kutafuna. Mmoja akasukuma sahani. Yule mama aliinua karai la mafuta kutoka motoni, akamwaga samaki wote kwenye pipa, akafunga biashara.

Nikarudi chumbani nikijiona mwanaume. Nikatafuta chombo cha kumchanganyia mke wangu maji ya chumvi na sukari, nikafungua lile kopo la mayai, na harufu iliyotoka mle, Shangazi, sihitaji maabara. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba samaki tulikula sahani moja, tena kichwa na mkia nilivimaliza mimi, na tumbo langu lilikuwa shwari kabisa. Nikalifunga kopo kwa gazeti nikalitupa kwenye pipa la mtaa wa pili.

Saa moja baadaye, mke wangu akiwa amesinzia, mlango ukagongwa. Yule mama. Ameleta chupa ya uji mwepesi na maji ya chumvi na sukari ambayo amekwisha kuyachanganya, anaomba msamaha, macho mekundu. Akaniuliza jambo moja tu, kwa upole, "Shemeji, asubuhi alikula nini?"

Nikasema, "Chai tu."

Akatikisa kichwa, akaondoka. Na mimi, niadhibiwe, kabla ya kumpa mke wangu ule uji nilikagua mfuniko wa chupa.

Sasa yapata wiki tatu tangu turudi. Mke wangu amepona, lakini amekuwa mtu wa kunisifu, anawaambia dada zake, "Mume wangu alinionya, sikusikia." Kitu chochote nje ya nyumbani hali mpaka aniulize, hata karanga. Ile orodha yake nimeiona juu ya cherehani, nyuma yake ameandika vipimo vya sketi za darasa la nne. Juzi yule mama amemtumia ujumbe wa sauti: "Dada, samaki nimeacha kwanza, nauza maharage, mpaka nijue nilikosea wapi." Mke wangu akanisikilizisha, akasema, "Bora." Mke wangu, Shangazi, ambaye hajawahi kumwombea mtu mabaya!

Na kana kwamba hayo hayatoshi, mkuu wangu wa kazi amesikia kisa hiki, ameniomba Ijumaa ya wiki ijayo nitoe somo kwa wafanyakazi wote juu ya hatari za chakula cha mitaani safarini, na mke wangu amekubali kuja kutoa ushuhuda. Ameshajishonea gauni la siku hiyo.

Nimsimulie mke wangu ukweli na nipoteze heshima ninayoipata sasa, ambayo kusema kweli sikuwahi kuipata kabla, au niache mambo yapoe yenyewe? Na je, somo nilitoe?

Ni mimi,
Bwana Afya Asiye na Afya

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu bwana afya, uliniomba nisicheke, sikuweza. Nilipofika kwenye mayai yaliyomenywa yakiwa ya moto niliweka barua chini nikamwita jirani. Lakini nilipofika kwenye "Chai tu" nilimrudisha jirani kwake, kwa sababu hapo kicheko kiliisha.

Kwanza pole kwa mkeo, na pole kwako pia, maana naona unateseka na unastahili kuteseka. Kuchemsha mayai si dhambi. Mganga hajigangi, na mtu wa kazi yako kuharibu chakula chake mwenyewe ni kichekesho cha familia cha miaka mingi, mngekuwa mnakisimulia mpaka mnazeeka. Hata kwenda kumfokea yule mama nakusamehe nusu, ulikuwa umechanganyikiwa na ndoo mkononi mwa mkeo. Methali ya nyani unaijua, sitaimalizia gazetini.

Tatizo lako lilianza ulipofungua kopo. Kuanzia hapo ulikuwa unajua, na kila siku tangu hapo unajua.

Hebu nikuulize wewe mwenye miaka kumi na sita kazini. Mtu akiugua tumbo, bwana afya anauliza swali gani la kwanza? Si hilo hilo, alikula nini? Basi mwanamke wa kona, asiye na kitambulisho wala kipimajoto, ameifanya kazi yako mlangoni kwako, tena kwa adabu, tena akikuita shemeji baada ya wewe kumfedhehesha, na wewe mtaalamu ukampa jibu la uongo. Amekwenda nalo. Ndilo analolichambua kila siku mbele ya sufuria ya maharage, anatafuta kosa lisilokuwepo. Na wewe unaniuliza habari za heshima!

Heshima ipi, baba? Mkeo hakuheshimu, anaogopa. Mwanamke aliyeketi benchi bila kukuuliza leo anaomba ruhusa ya karanga. Yule wa benchi ndiye uliyemuoa, na naona kwenye barua yako umemkumbuka, maana maneno yake yote umeyaandika vizuri. Huyu wa kukusifu umemtengeneza kwa mayai mawili. Mambo hayatapoa yenyewe, wewe si unafundisha watu kwamba kuacha kitu kipoe chenyewe ndiko kunakokiharibu?

Kwa hiyo nisikilize. Leo, ukimaliza kusoma, usingoje chakula cha jioni. Mtoe mkeo kwenye cherehani, mwambie yote: kopo, harufu, pipa la mtaa wa pili, na chai. Usianze na "Nilikuwa nakupenda ndiyo maana." Atakasirika, na mwache akasirike kadiri apendavyo. Usimkatishe wala usimletee maji ya kunywa ili umpoze. Nakuhakikishia jambo moja, hasira yake itakuwa na afya kuliko zile sifa. Akitaka kuwasimulia dada zake, awasimulie wote, na wewe ukiwepo, na wakikuita Bwana Mayai mpaka uzeeni uitike.

Usimpigie simu yule mama ukadhani umemaliza. Ulimtia doa mbele ya benchi mbili, doa litolewe mbele ya benchi mbili. Omba ruhusa kazini, mrudi, kama mkeo atakubali kupanda basi moja na wewe. Kama hatakubali, nenda peke yako. Kitambulisho kiache nyumbani. Kipimajoto kiache nyumbani. Chakula usibebe hata punje, fika na njaa. Na mkeo akija, ile orodha aibebe yeye, wewe fuata, na akikuonyesha mlango utazame mlango.

Somo la Ijumaa litoe. Mkuu wako aliomba somo la hatari za chakula safarini, na hakuna ofisi iliyowahi kupata mwalimu anayeijua mada vizuri kama wewe. Simama useme ulivyoyamenya, ulivyoyafunika, na ulimpa nani. Na gauni la mkeo lisipotee bure, naye aje atoe ushuhuda wake, safari hii ule wa kweli. Nadhani ataufurahia kuliko ule wa kwanza.

Lakini kona ije kabla ya Ijumaa. Ukifika uchochoroni, usiketi, usiagize, usianze hadithi ndefu kama barua yako. Subiri watu wajae benchi zote mbili. Yule mama alikuuliza swali wiki tatu zilizopita na bado anasubiri jibu lake. Simama mbele yake, sema kwa sauti ya kusikika, "Shemeji, uliniuliza asubuhi alikula nini. Alikula mayai mawili, niliyampa mimi."

Kisha nyamaza, umwache yeye aamue kama atakukaangia samaki.