Koti la Beki wa Kona

Malaz, Riyadh
Ijumaa, baada ya mazoezi

Dada Nekesa,

Pokea salamu za mdogo wako Wafula, mzima wa mwili, mweusi kuliko nilivyotoka huko, na mwenye kinyongo. Mgongo wako unaendeleaje? Yule ng'ombe wa kwato mbovu alipona? Mama bado anakataa kuvaa miwani ati watu watadhani amezeeka? Nijibu yote, usiniruke hata moja.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako haina siri. Ukipata ujumbe wa sauti unaufungulia dukani mbele ya wateja, na unaongeza sauti. Haya ninayosema leo ni yako peke yako.

Sasa tuingie kwenye kesi. Jumapili ulituma sauti kwenye kundi la familia, dakika tatu nzima, na nimeisikiliza mara nne. Umepiga vigelegele. Umemwita Simiyu wa Baba Mdogo simba. Umesema umeona picha amevaa koti la kijani lenye vifungo vya dhahabu, na ukawaambia wapwa zangu wamwige. Halafu mwisho kabisa, pale pa kuvuta pumzi, ukasema, "Na Wafula pia, msalimieni." Msalimieni! Kwani mimi ni jirani?

Dada, lile koti ni langu. Wacha nikueleze, na usicheke kabla sijafika mwisho.

Unajua mimi ni dereva wa Bosi Trevor, yule Mwaustralia, na Simiyu ni mlinzi getini kwenye makazi yao hao hao wazungu. Hawa watu wana mpira wao wa kwao. Mpira wenyewe una umbo la yai kama ule wa raga, lakini sheria zao ni za watu waliokaa kwenye jua sana. Unaruhusiwa kuukimbia nao, kuupiga teke, kuupiga ngumi, hata kumpanda mwenzako mgongoni ukiruka kuudaka. Kila upande kuna nguzo nne. Ukipitisha katikati unapata pointi sita, na ukikosa kidogo, wanakupa pointi moja. Niambie wewe, ni wapi duniani mtu anapongezwa kwa kukosa? Huko shuleni Mwalimu alinichapa kwa kosa hilo hilo.

Wazungu hawatoshi timu, kwa hiyo wakatuchukua sisi. Waliponiona nadaka, Bosi akasema, "Wewe umecheza raga!" Nikamwambia ndiyo, mpaka kidato cha pili, na hapo ndipo raga na masomo viliponiaga siku moja. Simiyu naye akachukuliwa, kwa sababu Simiyu lazima awe popote nilipo. Tangu tukiwa watoto, ukitulea wote wawili kwako. Nikipata viatu, yeye anapata vinavyong'aa. Mimi nikaishia kidato cha pili, yeye akamaliza cha nne na ukamchinjia kuku. Sijasahau yule kuku.

Tuko timu tatu, mbili za hapa Riyadh na moja ya Jeddah, watu tisa kila upande. Simiyu anacheza katikati, pale mpira unapopita kila saa, na kila mtu anamwona. Mimi ni beki wa kona. Kazi yangu ni kukaa kule nyuma karibu na nguzo zetu na kumzuia mtu mmoja tu, yule hatari wao. Nikifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea. Sasa nani anapiga picha kitu ambacho hakijatokea?

Mwisho wa msimu wanakaa watu watatu wanachagua tisa bora wa timu zote, na kila aliyechaguliwa anapewa koti la kijani. Kifuani wanashona nafasi yake, ndani ya kola wanashona jina. Nililitaka koti lile, Dada. Nililitaka mpaka nikawa naosha gari la Bosi bila kuambiwa.

Safari ya kwenda Jeddah kwa fainali, ni nani aliyewaendesha wale wachaguzi watatu? Mimi. Bosi Trevor mbele, na nyuma Mzee wa Kofia, ambaye havui kofia hata kwenye gari, na mwingine ninayemwita Bwana Takwimu kwa sababu kompyuta haimtoki magotini. Walianza kubishana kabla hatujatoka Malaz. Dereva hapa haongei, anaendesha. Nikanyamaza kilomita mia saba, Dada. Mimi! Mama akisikia atasema nilikuwa mgonjwa.

Shida yao ilikuwa moja. Katikati kuna nafasi tatu, na wanaume wanaostahili ni wanne. Wawili wa Jeddah, mmoja wa ile timu nyingine ya hapa, na Simiyu.

"Huwezi kumwacha Simiyu nje," Bosi akasema.

"Basi nani atoke?" Mzee wa Kofia akauliza.

"Hakuna wa kutoka. Tumtafutie Simiyu mahali pengine."

Tumeshapita Taif, tunateremka milima. Bwana Takwimu akasema, "Beki wa kona tumemweka nani?" Hapo hapo ndipo kibao cha njia kilipopita.

Dada, kabla ya kufika Makka barabara inagawanyika. Waislamu wanaendelea moja kwa moja, sisi wengine tunachepuka. Kibao chenyewe ni kikubwa kama paa la kanisa letu, na nimepita pale mara sita bila kukikosa. Siku hiyo sikukiona. Nilikuwa nangoja kusikia jina langu. Nilishtukia askari amesimama mbele na mkono juu.

Alikuwa mtu mpole. Akaangalia ikama yangu, kile kibali cha kukaa hapa, akawaangalia wale wazungu, akauliza tunaenda wapi.

"Jeddah," nikasema.

Akacheka. "Jeddah si huku, habibi. Geuza, yalla."

Nikageuza. Saa nzima imepotea. Bosi akawa mwekundu shingoni. "Wafula! Macho yako yalikuwa wapi?"

"Macho yalikuwa barabarani, bosi. Masikio ndiyo yalikuwa nyuma."

Mzee wa Kofia akacheka mpaka kofia ikamwanguka, na ndiyo siku niliyojua hana nywele. Akanigonga bega. "Haya, kwa kuwa umetupoteza, ongea. Umesimama ile kona msimu mzima. Kazi yake ikoje?"

Dada, huo ulikuwa mlango wangu, uko wazi kabisa, na wanaume watatu wamekaa kimya wananisikiliza mimi. Unanijua. Nikajipiga kifua.

"Rahisi sana, bosi. Naifanya huku nikiwaza chakula."

"Rahisi?" Bwana Takwimu akauliza.

"Mafi mushkila, hakuna shida. Mtu yeyote mwenye miguu miwili ataiweza."

"Hata Simiyu?"

"Simiyu!" Nikacheka kwa dharau. "Pale hata Simiyu ataweza."

Vidole vya Bwana Takwimu vikagonga kompyuta, ta-ta-ta. Nilidhani ananiandika mimi. Nikaendesha mpaka Jeddah nikipiga mluzi.

Simiyu alikuja kwa basi. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Kandara, juu ya duka la mabegi, mimi nikalala kitandani na yeye chini, kwa sababu nilimwambia staa lazima apumzike. Akaniuliza, "Umesikia nini kwenye gari?" Nikamwambia mambo ya wachaguzi hayasemwi ovyo, lakini ajiandae kupiga makofi.

Fainali tulishinda. Jeddah wana fowadi mmoja mrefu kama mlingoti, amefunga kila timu msimu huu. Siku hiyo hakufunga hata moja. Unataka kujua ni nani aliyemzuia? Mimi. Lakini orodha ilikuwa imeshachapwa.

Jioni wakatuketisha kwenye ukumbi wa hoteli, meza zina vitambaa, soda zinapita. Bosi akasimama na karatasi. "Beki wa kona..." Nilikuwa nimeshasukuma kiti nyuma, Dada. Nilikuwa nimeshasimama nusu. "...Simiyu!"

Umewahi kusimama nusu mbele ya watu? Kukaa huwezi, kusimama huwezi. Nikajifanya nanyoosha mkono kuchukua kachumbari.

Simiyu mwenyewe aliduwaa. Akaniangalia. Hajawahi kucheza ile nafasi hata dakika moja! Akaenda, akavishwa koti, na kila mtu akapiga picha, hiyo hiyo uliyoipigia vigelegele. Baadaye nikamfuata Bosi kwenye maegesho.

"Bosi, Simiyu si beki wa kona."

"Najua."

"Sasa?"

Akanitazama kama mtu anayenionea huruma. "Nilikutetea, Wafula. Mzee pia alitaka wewe. Lakini mwenzetu akafungua kompyuta akatusomea maneno yako. Mtu yeyote mwenye miguu miwili. Ningesema nini?"

Halas, yamekwisha.

Ningejibu nini, na ukweli nimeukalia? Acha nikuambie wewe sasa kile nilichopaswa kusema garini. Ile kazi ni ngumu, Dada. Huangalii mpira hata kidogo. Watu wote uwanjani wanauangalia mpira, wewe unaangalia nyonga za mtu mmoja, kwa sababu macho yanadanganya na miguu inadanganya lakini nyonga lazima zigeuke kwanza. Unamgusa kwa mgongo wa mkono ujue yuko wapi. Ukikosea mara moja ni pointi sita na kila mtu anakujua jina. Nikimaliza mechi kichwa kinaniuma kama nimefanya mtihani. Niliona aibu kusema hivyo mbele ya wanaume, kwamba kuna kitu kinachokaribia kunishinda. Ndiyo maana nikasema rahisi.

Usiku ule sikumsemesha Simiyu. Asubuhi alipoenda kuoga nililivaa lile koti mbele ya kioo. Linanikaa vizuri mabegani kuliko linavyomkaa yeye. Nasema tu ukweli. Akatoka bafuni akanikuta nalo.

"Lichukue," akasema. "Kila mtu anajua ni lako."

Unaona ubaya wake? Hata roho nzuri lazima anitangulie! Ningekuwa mimi nimepewa, ningelivaa mpaka kulala. Nikalivua, nikamtupia, nikamwambia linanuka maji ya waridi.

Tuliporudi Riyadh nikaenda kwa Bosi na hoja moja. Koti linasema Simiyu ni beki wa kona. Basi acheze beki wa kona, na mimi nipeni katikati. Bosi akacheka, akasema sawa, Ijumaa kwenye mazoezi tuone.

Mazoezi ndiyo leo. Nitakueleza kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusema ukweli, hata kama ulitumia mwiko. Robo ya kwanza nilikuwa moto. Robo ya pili nilikuwa natafuta hewa. Katikati watu hawasimami, Dada! Sasa najua kwa nini Simiyu ni mwembamba. Lakini kila nilipogeuka kuangalia kule nyuma, moyo ulipoa, maana walikuwa wanampita kushoto, wanampita kulia. Wakati wa mapumziko akaja amejaa vumbi mpaka kope.

"Hii kazi si ulisema ni rahisi?"

"Rahisi sana."

"Wamenipita mara tano."

"Nimehesabu."

"Wafula, unajuaje mtu anaelekea wapi?"

Sikumwambia. Nyonga zikabaki siri yangu. Nikanywa maji taratibu.

"Bana, rudi kwako," akasema. "Kule nyuma ni kwako."

"Lete koti kwanza."

Akajifuta uso. "Koti nimeshampa yule mama wa Kitale. Amemaliza mkataba na Jumatatu anarudi nyumbani. Nimempelekea Dada Nekesa, asubuhi dukani kwake kuna baridi."

Mimi niko hapa miezi kumi na nane nawaza nikutumie kitu gani, na yeye amekutumia kitu changu.

Basi nimemkimbilia yule mama, na barua hii naiweka ndani ya mfuko wa koti lenyewe, ule wa kulia. Ukiisoma ujue umeshalishika. Livae, Dada, sikatai, huko kwenu kuna baridi kweli. Lakini wateja wakiliuliza, usianze hadithi ya simba. Geuza kola uwaoneshe jina la Simiyu, halafu uwaoneshe kifuani palipoandikwa beki wa kona, na useme hivi: kola ni ya Simiyu, kifua ni cha Wafula.

Nisalimie Mama, mwambie miwani inampendeza hata kabla hajaivaa. Nisalimie shemeji, bwana wako, na ile pikipiki yake kuukuu. Nisalimie Baba Mdogo na mkewe waliomzaa Simiyu, sina neno nao, hawakukusudia. Wapwa zangu waambie wamwige mjomba wao anayeandika barua.

Robo ya tatu nilirudi kwenye kona yangu bila kuambiwa. Hawakunipita.

Mdogo wako wa kuzaliwa, si wa kulelewa tu,
Wafula