Glasi ya Mama Vahwere

Gracieuse, nimepata haya leo. Aibu ya kweli!

Niko natoka Ngezi kwa Mama Vahwere, ule mwenye tulipatia filtre ya mradi yetu, ya kusafisha maji. Nimemuambia mbele ya majirani: "Hii inatoa microbe yote, vidudu vyote vya ugonjwa." Yote! Na weye unajua labo yenye ilipima ile filtre ilijibu juu ya bakteria tu, virusi hawajapima.

Mama akafurahi, akaniletea glasi ya maji ya ile filtre na mikono mbili.

Mukono yangu ikaenda yenyewe mu sakoshi yangu ya begani, ikatoa chupa yangu ya maji ya kununua. Mbele ya wote, Gracieuse!

Akaniuliza pole pole: "Madame, ile yako iko na nini yenye ya watoto wangu haina?"

Nikakunywa glasi yake, yote. Na mupaka sasa niko nasikiliza tumbo. Yeye anapatia watoto yake ile maji kila siku.